Kufuli kwenye Swichi Kubwa

Kiwandani walimwita Mama Geuza, na hata meneja aliyemwajiri alikuwa amekwisha kulisahau jina lake la kwenye karatasi. Kazi yake ilikuwa mwisho wa safu ya vyerehani. Shati likishashonwa, likapigwa pasi na kukunjwa vizuri, lilimfikia mezani, naye hakushughulika na uzuri wake. Aliligeuza. Upande wa nje, alisema, hata mvivu anaweza kuupendezesha. Mambo yote yako ndani, kwenye mishono. Akiona uzi umeruka, alikata kipande cha utepe mwekundu wa karatasi, akakibandika pale pale penye kasoro, na shati likarudi kwa aliyelishona. Washonaji waliuogopa utepe ule kuliko barua ya onyo.

Tabia hiyo hakuiacha getini. Sokoni aligeuza nyanya moja moja mpaka muuzaji akamwomba, kwa heshima zote, aende kuwatesa wengine. Fundi bomba akija nyumbani, alisimama naye bafuni mpaka bomba lipone. Wageni wakiondoka, aligeuza mito. Na vile vipande vya mwisho vya utepe mwekundu, ambavyo kiwandani vilikuwa vya kutupwa, alivileta nyumbani akafungia mifuko ya unga na kubandika kwenye chupa za dawa, basi kila kabati ukilifungua unakutana na wekundu. Mumewe alikuwa dereva wa gari la shule, mtu mpole ambaye hata mbuzi akilala barabarani alisubiri aamke mwenyewe. Katika dunia hii nzima, mume huyo ndiye binadamu pekee ambaye Mama Geuza hakuwahi kumgeuza.

Sasa mama yake mzazi alikuwa hospitalini, mapafu yamechoka. Daktari alisema anaweza kurudi nyumbani, ila aende na mashine ya kumsaidia kupumua, nayo inataka umeme mchana na usiku. Muuguzi aliwashika mikono, yeye na kaka yake, akawasisitizia: mashine ichomekwe ukutani moja kwa moja, kwenye soketi yake peke yake. Mambo ya ekstensheni, hapana. Hapo kaka mtu akakohoa.

"Dada, nisikilize bila hasira. Chumba unachotaka kumlaza kina soketi moja, na hiyo moja imebeba friji, pasi, cherehani na simu za ukoo mzima. Mama akae kwangu."

"Kwako? Mara ya mwisho alipokaa kwako alirudi amekonda."

"Alikuwa anaumwa."

"Ndiyo nasema."

Walibishana mpaka mlinzi wa wodi akawatoa nje, wakaendelea kubishana kwenye ngazi. Mwishowe wakakata shauri. Kaka angeleta fundi umeme anayemwamini. Fundi akisema chumba kinafaa, mama anakwenda kwa dada. Akisema hakifai, mama anakwenda kwa kaka, na maneno yaishe.

Mama Geuza alikubali kwa mdomo tu. Baba yao alikuwa amefia nyumbani kwa kaka huyo huyo, yeye akiwa zamu kiwandani, na alipofika alikuta ameshafunikwa. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba mama hataondoka hivyo, mikononi mwa watu wengine. Sasa eti aamuliwe na fundi wa kaka! Fundi anayeletwa na kaka, kwa simu ya kaka, atasema neno la nani?

Fundi alikuja asubuhi, mtu mzima mwenye kipara na begi la turubai, mwenye maneno machache mno. Ukimya wake ulimtia Mama Geuza wasiwasi pale pale mlangoni. Mafundi aliowajua yeye walikuwa na porojo, na mwenye porojo utamshika mahali. Huyu alisalimia, akavua viatu, akaingia kile chumba, akasimama katikati akazungusha macho taratibu.

"Kitanda cha mgonjwa kitakaa wapi?"

"Pale."

"Maji ya kumwoshea yatakuwa upande gani?"

"Upande wa dirishani. Kwa nini?"

"Nisije nikaweka soketi karibu na maji." Akagonga ukuta kwa vidole, akatega sikio, akasogea, akagonga tena. "Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Chumba changu cha kulala," alisema Mama Geuza, na papo hapo akajuta. Mtu anataka kujua nyuma ya ukuta kuna nini, nawe unamweleza kila kitu kama mtoto!

Akaondoka kidogo kwa kisingizio cha maji ya kunywa. Alikwenda chumbani kwake, akachomoa uzi mweupe kwenye kibweta chake, akaufunga kwenye vishikio vya kabati la nguo, fundo dogo lisiloonekana na mtu asiyelitafuta. Mkono wa mtu ukifika pale, uzi utakatika, na yeye atajua. Aliporudi alimkuta fundi ametandika kitambaa sakafuni, amepanga vifaa vyake vyote juu yake kwa safu, bisibisi, koleo, tesita ya kupimia umeme, na begi tupu limeachwa wazi pembeni. Mama Geuza alikitazama kitambaa kile kwa jicho kali. Maonyesho ya nini? Anayekuonyesha kila kitu si ndiye mwenye cha kuficha?

"Nazima umeme wa nyumba nzima," alisema fundi, akaelekea koridoni kwenye kisanduku cha swichi kubwa. Friji ikanyamaza. Feni nayo ikazunguka polepole mpaka ikasimama. Halafu likasikika jambo ambalo Mama Geuza hakulitarajia hata kidogo. Lilisikika kufuli likibanwa.

Alitoka mbio. Fundi alikuwa amekifunga kisanduku kwa kufuli lake mwenyewe, dogo la shaba, na ufunguo ulikuwa ukiingia kwenye mfuko wa shati lake.

"Fundi. Hiyo ni nyumba yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na hicho ni kisanduku changu. Unakifungaje kwa kufuli lako?"

"Ili mtu asiwashe."

"Nani awashe? Niko mimi na wewe tu."

"Basi wewe," alisema fundi, bila kutania. "Utaikumbuka friji. Au mzee atarudi, ataona giza, atanyoosha mkono kwenye swichi bila kufikiri. Nimeona hayo."

"Nipe huo ufunguo nikae nao. Siwezi kuwasha kama nimeambiwa nisiwashe."

Fundi akatikisa kichwa. "Ufunguo ukae kwangu, mama. Mkono utakaokuwa kwenye waya ni wangu."

Jibu hilo lilimuudhi Mama Geuza kuliko kufuli lenyewe. Alirudi akakaa kwenye kiti mlangoni, mikono kifuani, macho yamemkazia fundi. Akili yake haikutulia. Umeme umezimwa, taa ya nje haitawaka, kengele haitalia, ufunguo uko mfukoni kwa mgeni aliyeletwa na mtu mwenye sababu zake. Alijisikia mfungwa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Fundi alijaribu soketi kwa tesita, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyezima. Akaijaribu tesita yenyewe kwenye kibetri alichokuja nacho, kuhakikisha ni nzima, kisha akaijaribu soketi tena. Ndipo akafungua. Alipoivuta kutoka ukutani, Mama Geuza aliona nyuma yake pameungua, plastiki imekuwa ya kahawia kama chai.

Fundi alitazama kwa muda mrefu. Akazishika zile nyaya kwa vidole viwili, akazisugua.

"Soketi hii aliiweka nani?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Sijui, sikuwepo, nilikuwa namuuguza mama. Mume wangu ndiye aliyemsimamia. Kwa nini?"

"Hizi ni nyaya za taa. Nyembamba. Zinatosha balbu, hazitoshi pasi na friji. Na waya wa ethi, wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, haupo kabisa." Akanyanyua macho kwenye dari. "Zinatoka juu huko. Lazima nipande nione zimeungwa wapi, halafu nivute njia mpya kutoka kwenye kisanduku. Zikiwa hivi, mama, chumba hiki hakifai."

Ndiyo hiyo. Mama Geuza alilisikia neno alilokuwa akilingoja tangu asubuhi, na karibu alifurahi, jinsi mtu anavyofurahi kumkamata mwizi aliyemhisi siku nyingi. Hakifai. Neno la kaka, herufi kwa herufi. Soketi iliyofanya kazi miaka yote, leo mgonjwa anakuja ndiyo imegeuka sumu! Na hilo la kupanda darini, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki, akishuka huko si atasema lolote atakalo?

Akapiga simu pale pale, fundi akisikia, kwa sababu alitaka asikie.

"Kaka, fundi wako ameshasema ulichomtuma. Hongera."

"Nilichomtuma nini?"

"Eti nyaya ni nyembamba, eti mpaka apande darini. Mmepanga vizuri. Lakini mama haji kwako ng'o."

Mama Geuza alitarajia makelele, hakuyapata.

"Dada, wewe si ndiye mkaguzi? Panda ukaangalie mwenyewe." Na akakata.

Mwanamke wa rika lake, mwenye goti linalouma majira ya baridi, hana sababu ya kupanda ngazi. Lakini alikuwa amechokozwa. Alijifunga kitenge kiunoni, akamwambia fundi asogee na ampe tochi. Fundi hakubisha. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, akamwambia asiguse kitu, atazame tu, ingawa umeme umezimwa. Mama Geuza akapanda, akiguna kila daraja, akaingiza kichwa kwenye tundu la dari.

Vumbi, mavi ya popo, mbao. Alimulika kulia, akaona bomba la waya limekwenda vizuri hadi kwenye taa. Halafu kutoka pale kwenye taa nyaya nyingine mbili zilitokeza, hazina bomba wala kisanduku, zimelala juu ya ubao hadi upande wa soketi. Mahali zilipoungwa zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono, na msokoto ulikuwa umeviringishwa kitu. Alisogeza tochi.

Kilikuwa utepe mwekundu wa karatasi. Ulikuwa umeungua kingo, umekauka, umekuwa mweusi upande mmoja, na ubao chini yake ulikuwa na alama ya moto ya ukubwa wa kiganja. Lakini ulikuwa ule ule, wa upana ule ule, anaoukata kiwandani kila siku na kuubandika kwenye kazi mbovu za watu. Hakuna fundi anayetembea na utepe ule. Hakuna nyumba nyingine yenye utepe ule.

Alikaa juu ya ngazi muda mrefu kiasi kwamba fundi akauliza, "Mama, uko salama?"

"Niko," alisema. Hakuwa salama hata kidogo. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo majira yote ya mvua aliyopiga pasi kwenye chumba kile, wajukuu wamelala sakafuni chini ya ubao ule. Aliogopa kwa hofu ya kweli, hofu ya jambo lililokwisha kupita karibu yako bila wewe kujua.

Mumewe alirudi akiwa na saa chache kabla ya kuwafuata watoto shuleni. Aliona giza koridoni, na kama ilivyotabiriwa, mkono wake ulinyooka kwenye kisanduku cha swichi. Ukagonga kufuli. Mama Geuza aliuona mkono ule ukirudi, akamtazama fundi aliyekuwa ameshika nyaya kwa vidole vyake vitupu.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo huku."

Alikuja. Mkewe alimnyooshea kiganja chenye kipande cha utepe ulioungua, ambacho fundi alikuwa ameshakitoa. Mzee alikitazama, akavua kofia yake ya kazi, akakaa kwenye kitanda kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Uliniambia fundi alikuja."

"Nilikuambia."

"Hakuja?"

"Hakuja." Alisugua uso. "Niliwafuata mafundi, mke wangu. Wote wa mtaa huu na wa mtaa wa pili. Kila mmoja aliuliza ni nyumba gani, nikimtajia anakumbuka ana kazi nyingine. Yule kijana wa pasi alikuwa ameshawasimulia wenzake, na hakutia chumvi. Na wewe ulitaka soketi uikute ukirudi. Nikamwangalia mtu mmoja anafanya kwenye gereji yetu, nikasema mbona rahisi."

"Ungetuua."

"Ningewaua," alikubali mume, na machozi yakamtoka bila kujificha.

Kijana wa pasi! Mama Geuza alijua vizuri ni nani. Alikuja kufunga feni, mtoto wa watu mwenye adabu, na siku hiyo hiyo pasi ikawa haionekani. Mama Geuza alimtoa mpaka barabarani, akachukua begi lake akaligeuza juu chini mbele ya majirani, bisibisi na misumari zikatawanyika vumbini, watu wakacheka. Pasi haikuwemo. Aliipata mwenyewe baadaye, chini ya lundo la vitambaa uvunguni, akairudisha mahali pake, akajitia hamnazo. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mumewe, na hata kwake alisema kwa kunong'ona.

"Halafu huyu," alisema mume, akishusha sauti ingawa chumba kilikuwa kidogo, "ni kaka yake kijana huyo."

Mama Geuza aligeuka. Fundi alikuwa amepiga goti, anapima ukuta, hakuinua kichwa. Vifaa vilikuwa vimetandikwa pale pale kwa safu, begi limeachwa wazi.

"Ulijua hii ni nyumba gani?"

"Nilijua."

"Ukaja."

"Kaka yako aliniambia kuna mgonjwa wa mashine." Akachora mstari ulionyooka ukutani, kutoka juu hadi chini. "Alinisihi nifanye kila linalowezekana chumba kifae. Alisema mama mwenyewe anakulilia wewe."

Kumbe ndivyo kaka alivyomtuma.

"Mimi sichukii kukaguliwa," fundi aliendelea, sasa kana kwamba maneno yaliyokuwa yamefungiwa yamepata njia. "Kazi ya umeme isiyokaguliwa ndiyo inayoua, umejionea. Nigeuze unavyotaka. Ila mdogo wangu hukumkagua, mama. Ulimmwaga barabarani."

Mume alivaa kofia, akavua tena. Mama Geuza aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuitua.

Kazi iliendelea. Zile nyaya za juu zilitolewa zote. Njia mpya ilivutwa kutoka kwenye kisanduku ndani ya bomba, nyaya nene, na waya wa ethi wa kijani na njano ukiwa wa tatu, ikapewa swichi yake yenyewe ya kujikata. Soketi ya mashine iliwekwa upande wa kichwani, juu ya sakafu, mbali na maji, peke yake. Nyingine mbili zikawekwa ukuta wa pili na kupewa njia yao. Waya ulishuka wima juu ya kila soketi, ili mtu atakayepigilia msumari kesho ajue ulipo. Kabla ya kuziba kitu chochote, fundi aliita, "Mama, njoo uone ndani." Naye akaja na tochi yake, akatazama kila kiungo, akauliza, akajibiwa. Alikuwa anajua kutazama kazi. Alitafuta kasoro kwa moyo wake wote, kwa sababu mama yake angelala hapo, na hakuiona.

Ndipo kufuli likafunguliwa. Fundi alichomeka kipimo chake, akabonyeza, na swichi ikajikata yenyewe kwa kishindo kidogo. Akairudisha, akabonyeza tena, ikajikata tena. "Hiyo ndiyo inayolinda," alisema.

Kaka alimleta mama jioni ile ile, kwenye kiti cha magurudumu, na hakumuuliza dada yake chochote. Mashine ilichomekwa, ikavuta, ikapumua, taa yake ya kijani ikawaka. Bibi mgonjwa alitazama soketi mpya kwa macho yaliyozama.

"Umeikagua?"

"Nimeikagua, mama."

"Basi nilale," alisema bibi, na akalala.

Asubuhi fundi alirudi kama alivyoahidi, kuigusa soketi baada ya mashine kufanya kazi usiku kucha, aone kama inapata moto. Aliweka kiganja chake ukutani. Haikuwa na joto. Alisema atakaa kidogo ajaribu na zile nyingine mzigo ukiwa umewashwa. Mume alikuwa ameshatoka na gari la shule. Nyumbani walikuwa bibi usingizini, fundi, na begi lake.

Mama Geuza alikwenda chumbani kwake. Uzi mweupe ulikuwa bado pale kwenye vishikio vya kabati, mzima, fundo lile lile. Aliukata. Akajifunga kanga, akarudi mlangoni kwa fundi.

"Mdogo wako ana kibanda wapi siku hizi?"

Fundi alimtazama. "Kwenye kona ya soko, karibu na wauza vyuma. Kuna watu wengi saa hizi, mama. Nenda mchana, kutakuwa kumetulia."

"Siku ile pia kulikuwa na watu wengi," alisema Mama Geuza. "Mtazame mama yangu. Nikichelewa, mpe maji."

Akatoka. Alifika njia panda ndipo alipokumbuka kwamba mlango hakuufunga, wala hakuurudisha, na fundi yuko ndani peke yake na mama yake na kila alichonacho. Alisimama, mkono kwenye fundo la kanga. Kisha akaendelea kwenda sokoni.